Hamsini na Saba na Robo

Jumatatu, 4 Machi
Muhula umeanza, mvua bado. Kidato cha tatu wamerudi kutoka likizo wakiwa wameota ndevu na majibu. Nimewaambia muhula huu tunasoma kazi na nishati. Mmoja akauliza kama hiyo kazi ina mshahara. Nikamjibu kwamba ingekuwa na mshahara nisingekuwa mbele yao na viatu hivi. Wakacheka, nami nikafurahi, maana darasa lililocheka siku ya kwanza halinisumbui sana baadaye.

Jumatano, 6 Machi
Joto. Chaki zimeisha.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeshinda kwa mama. Mdogo wangu alifika na baiskeli yake, kreti la nyuma likiwa tupu isipokuwa mkate mmoja, ule wa mama, ambao hauuzwi hata aje nani. Mtaani wanamwita Mkate Moto kwa sababu hupita alfajiri na mikate inayotoa mvuke. Alinikuta nasahihisha madaftari, akachukua moja na kulisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira.

"Dada, hii m imekatwa huku na huku. Imekosa nini?"

Nikamweleza. Chombo kikifunga breki mpaka kikasimama, nishati mwendo yake yote huliwa na kazi ya msuguano. Tungamo, yaani zile kilo zake, liko pande zote mbili za hesabu, kwa hiyo linajifuta. Tairi zikigoma kuzunguka, chombo kizito na chepesi vyenye kasi moja husimama baada ya umbali uleule.

"Yaani mimi na mikate yangu hatuhesabiwi?"

"Hamhesabiwi."

"Njoo uendeshe baiskeli hii ikiwa imejaa, halafu urudie hayo maneno."

Mama alicheka mpaka akaweka kisu chini. Amemnunulia koti la mvua la njano, lenye kofia ya kufunga kwa kamba kidevuni, maana msimu uliopita alikohoa tangu mwanzo hadi mwisho. Mdogo wangu alilijaribu palepale, akazungukazunguka chumbani akijigonga makabatini kwa makusudi.

"Mama, humu ndani sioni pembeni. Nimekuwa punda wa mkokoteni."

"Kwani pembeni unamtafuta nani?" mama akamwambia. "Tazama mbele, uende."

Alhamisi, 14 Machi
Mvua ya kwanza. Darasa linavuja mahali pamoja tu, juu ya meza yangu.

Jumanne, 19 Machi
Mdogo wangu amekufa.

Jumatatu, 25 Machi
Tulimzika Alhamisi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifungua ukurasa huu na kuufunga. Leo nitaandika yale ninayoyajua, hata kama mkono hautaki.

Alitoka kiwandani na mikate, akapita nyumbani kumwachia mama mkate wake kama kawaida. Kisha akashika kichochoro cha nyuma ya maghala, kinachotokea barabara kuu. Pale kwenye mdomo wa kichochoro lori la mchanga lilimgonga. Ilikuwa alfajiri na hapakuwa na mtu mwingine. Dereva hakukimbia. Ndiye aliyekwenda kugonga geti la ghala kuomba msaada.

Tairi za lori ziliacha michirizi miwili kwenye lami. Askari wa trafiki aliyefika jua likiwa limeshapanda alisema ni hafifu lakini inaonekana, akaipima. Mita thelathini na sita. Mwisho wa mwendo pale ni kilomita sitini kwa saa. Dereva anasema hakufika sitini, na kwamba mvua ilikuwa inanyesha, lori likateleza. Askari aliikuta barabara kavu. Alimuuliza mama, kwa kuwa ndiye aliyeamka na kumfungulia mwanawe mlango.

"Palikuwa pakavu," mama alisema. "Hapakudondoka hata tone."

Kwangu huku shuleni hapakunyesha pia. Ninakumbuka kwa sababu nguo zangu zililala nje, nikazianua kavu.

Dereva yuko mahabusu. Sijui sura yake na sitaki kuijua.

Alhamisi, 28 Machi
Mama hali chakula. Anaketi kwenye kigoda karibu na mlango, na kila kengele ya baiskeli ikipita barabarani anainua kichwa. Jirani akimletea uji anauchukua, anashukuru, anauweka chini mpaka unaganda. Nimehamia kwake. Nakwenda shule na kurudi.

Leo mjomba alikuja na viatu vyenye tope hadi ndani, yeye ambaye hugombeza watoto kwa tope. Ni kaka yake mama na tangu baba afe ndiye sauti ya nyumba hii.

"Mpwa wangu, wewe si ndiye unayefundisha mambo ya mwendo na breki?"

"Ndiyo, mjomba."

"Basi tuambie yule bwana alikuwa anakwenda kasi gani. Mwendesha mashtaka anasema hana mtaalamu. Atakaa na dereva anayesema hivi na familia inayosema vile, kesi itakufa kifo cha mende."

Mama alinitazama. Ni mara ya kwanza tangu mazishi kunitazama usoni.

Jumamosi, 30 Machi
Jua lilitoka kutwa. Nilichukua kipande cha tairi kutoka gereji, nikakipima, kikawa na uzito wa nyutoni ishirini. Wanafunzi wawili wanaokaa bweni walinisaidia kukikokota kwa mizani ya springi kwenye lami ya mbele ya ofisi. Mizani ilisoma kumi na nne. Tulirudia hadi wakachoka. Kumi na nne kwa ishirini: sifuri nukta saba.

Mengine ni yale ninayoyaandika ubaoni kila mwaka. Nishati mwendo ya mwanzo ni nusu ya tungamo, mara kasi, mara kasi. Ya mwisho ni sifuri, kwa kuwa lori lilisimama. Tofauti hiyo ni sawa na kazi iliyofanywa na msuguano: kani yake mara mita thelathini na sita. Tungamo likajifuta. Sikulihitaji lori, wala mchanga wake. Kumgonga mdogo wangu kulipunguza mwendo wa lori kidogo mno, kile kiasi tunachowaambia wanafunzi wakiache. Nikakiacha.

Kilomita themanini na moja kwa saa.

Nilipomwambia, mama alisema, "Themanini na moja." Kisha akauliza kama kuna chakula. Alikula sahani nzima, nami nikaenda nyuma ya nyumba kulia kwa raha. Sikujua kama kuna kulia kwa namna hiyo.

Jumanne, 2 Aprili
Mwendesha mashtaka ameipenda hesabu. Nitakuwa shahidi. Kesi ni tarehe kumi na tatu Mei.

Jumamosi, 6 Aprili
Mvua. Namba imezagaa mtaa mzima. Fundi viatu anaijua. Muuza mkaa anaijua na ameiongeza hadi tisini. Anayekuja kutoa pole, mama humwambia, "Themanini na moja, mwanangu amepiga hesabu," na sauti yake inanyooka.

Jumatano, 10 Aprili
Mvua. Madaftari yamelowa. Kidato cha tatu wameacha kunitania, na hilo linaniumiza kuliko wanavyodhani.

Jumanne, 16 Aprili
Nilikuwa natoka darasani nikamkuta mwanamke amesimama chini ya upenu, amejifunika mfuko wa nailoni kichwani. Alikuwa mke wa dereva.

"Mwalimu, sikuja kukulaumu. Nimekuja kukupa pole, na kukuomba kitu kimoja. Mume wangu anasema ilikuwa inanyesha. Hajawahi kunidanganya kuhusu barabara. Mengine ananidanganya, barabara hapana."

Nilimwambia mama yangu alikuwa macho na anasema palikuwa pakavu. Nilimwambia pia kwamba mahakama ipo. Nilitumia ile sauti ninayowapa wazazi waliokuja kuombea watoto alama.

"Sawa, mwalimu," akasema, akaufunga mfuko wake tena kichwani na kuondoka. Nilimwona mtu wa kupanga maneno. Nilikula chakula changu vizuri tu.

Ijumaa, 19 Aprili
Mvua.

Jumatatu, 22 Aprili
Mvua. Mama kamwagilia kuku maji ya moto kwa bahati mbaya. Alilia kwa sababu ya kuku.

Jumatano, 24 Aprili
Stoo imevuja. Mama alikuwa amelala mchana, nikaanza kuhamisha vitu kabla havijaoza: gunia la maharage, redio ya marehemu baba, baiskeli ambayo mjomba aliileta ikiwa imepinda na hakuna aliyethubutu kuigusa. Nyuma ya baiskeli palikuwa na mfuko mweusi wa plastiki uliofungwa fundo juu ya fundo. Ni mfuko wa hospitali. Mjomba alimkabidhi mama siku ile.

Nilidhani ni viatu. Nikafungua.

Harufu ya ukungu ilinipiga kwanza. Ndani lilikuwa koti la njano, limekunjwa na mikono ya mtu asiyetujua, likiwa limeota madoa meusi. Kwenye mkunjo wa mfuko mmoja wa koti maji yalikuwa bado yamekaa. Kofia ilikuwa juu. Kamba ya kidevuni ilikuwa imefungwa, na hospitali walikata pembeni ili kuivua. Fundo lenyewe lilibaki, la mizunguko miwili.

Fundo lile nalijua. Mama alitufunga hivyo mabegi ya shule, na tukifika darasani tulikuwa tukilifungua kwa meno.

Nilipogeuka, mama alikuwa mlangoni.

"Alilivaa kwa sababu ya baridi," akasema.

"Mama, limelowa."

"Baridi ilikuwa kali."

Akanipita, akachukua koti mkononi mwangu, akalikunja upya, akalirudisha kwenye mfuko na kuufunga. Fundo juu ya fundo. Kisha akaenda kuwasha moto kama mtu aliyekumbuka sufuria.

Alhamisi, 25 Aprili
Ilinyesha tangu asubuhi. Wakati wa mapumziko nilitoka na kipande cha tairi na mizani, nikainama mbele ya ofisi kwenye mvua. Kidato cha tatu wote walijipanga verandani. Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wale wa bwenini alikuja bila kuitwa, akaisoma mizani, maana miwani yangu ilikuwa imejaa maji.

"Saba, mwalimu."

"Soma tena."

"Saba."

Nusu ya ile ya kwanza. Niliingia ofisini nikilowesha sakafu, nikapiga hesabu nyuma ya karatasi ya mahudhurio. Mita zilezile thelathini na sita, lori lilelile.

Kilomita hamsini na saba kwa saa.

Dereva yule alikuwa ndani ya sheria. Ndiyo maana michirizi ilikuwa hafifu. Jua lilikausha barabara kabla askari hajafika, na mvua ya kwa mama haikufika huku shuleni. Askari alisema hivyo tangu mwanzo, nami nikaandika humu kwa mkono wangu bila kufikiri.

Na mama alijua. Hilo ndilo siwezi kulimeza. Alijua nilipoleta mizani, alijua nilipoleta namba, aliila ile namba na wali. Nimemkasirikia leo kwa hasira ambayo sikudhani inaweza kumpata mama. Halafu nikamkumbuka mdogo wangu akijigonga makabatini. Sioni pembeni. Kwani pembeni unamtafuta nani.

Hasira ikaniishia, na bora ingebaki.

Jumapili, 28 Aprili
Hatuongei. Tunapeana chumvi.

Alhamisi, 2 Mei
Nimemwambia mjomba. Nilitegemea angefoka. Alivua kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu amekipoteza humo.

"Ukisema hivyo mahakamani, dada yangu atajilaza asiamke."

"Na nisiposema, mtu atafungwa, mjomba."

"Najua. Siwezi kukwambia usiseme. Nakwambia tu nitakavyomkuta."

Nilikuwa nikimwona mjomba kama mtu wa makelele. Leo amekaa nami jikoni hadi jua likazama, akimenya viazi ambavyo hakuna aliyemwomba amenye, huku machozi yakimdondoka, akijifuta kwa kiwiko.

Jumatatu, 6 Mei
Mvua imepungua. Nimekwenda kwa mwendesha mashtaka na kumwambia kuna hesabu mbili, moja ya pakavu na moja ya mvua. Alisonya. Akasema nitaulizwa, nijibu. Sikumtaja mama. Sikuweza.

Jumamosi, 11 Mei
Nilimwambia mama leo akiwa anachambua maharage. Nilimwambia namba ya pili na nilivyoipata. Nikamwambia Jumatatu nitazisema zote mbili.

Hakuinua macho. "Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Basi umejuaje?"

"Koti, mama."

Aliendelea kuchambua. Niliona anatupa mazima na kubakiza mabovu, nikamwacha.

Jumatatu, 13 Mei
Niliamka nikamkuta mama ameshavaa. Khanga zake nzuri, viatu vya kufunika. Mapajani alikuwa na mfuko mweusi. Mjomba alikuja na gari la kuazima, tukapanda.

Chumba cha mahakama ni kidogo kuliko darasa langu, na benchi za nyuma zina majina ya watu yaliyochorwa kwa misumari. Dereva aliletwa. Ni mzee kuliko nilivyomfikiria. Mkewe alikuwa benchi la pembeni, akanisalimu kwa kichwa, salamu ambayo sikuistahili.

Nilieleza. Hakimu alitaka nieleze polepole, nikaeleza kama ninavyowaeleza wale wa nyuma ya darasa: nishati aliyokuwa nayo, nishati aliyobaki nayo, na tofauti yake ambayo ndiyo kazi iliyofanywa na barabara kumsimamisha. Barabara kavu hufanya kazi hiyo kwa kani kubwa. Barabara yenye maji hufanya kwa nusu yake. Kwa hiyo michirizi ileile ina majibu mawili. Kama palikuwa pakavu, themanini na moja. Kama palikuwa na mvua, hamsini na saba.

"Na siku ile ilikuwaje?" hakimu akauliza.

"Mheshimiwa, mimi sikuwepo."

Niliishia hapo. Nilikuwa nimejiapiza kusema habari ya koti. Nilifungua mdomo, nikaliona lile fundo, mdomo ukajifunga.

Mama akasimama nyuma. Karani alimwambia akae, asubiri kuitwa. Hakukaa. Alikuja mbele taratibu kwa sababu ya goti lake, akaweka mfuko juu ya meza ya karani, akaanza kuufungua mafundo. Hakimu alimwacha. Ndipo wakamwapisha.

"Mvua ilianza akiwa mlangoni kwangu," alisema. "Alikuwa amevaa koti lakini kofia alikuwa ameishusha mgongoni. Akasema, mama, hivi naona vizuri. Nikaipandisha mimi. Nikamfunga mimi. Askari aliponiuliza nikasema palikuwa pakavu, kwa sababu kama palikuwa pakavu, basi sikumfunga."

Dereva alikuwa amefunika uso. Hakimu alipompa nafasi alisema maneno machache. Alisema aliona kofia ya njano tu ikitokea, akakanyaga breki kwa miguu miwili, lori likaenda.

"Aligeuka?" mama akamuuliza, bila kuruhusiwa.

"Hapana, mama. Hakugeuka. Hakuniona kabisa."

"Hakuogopa, basi."

"Hakupata muda wa kuogopa, mama yangu."

Mama akatikisa kichwa kukubali. Mimi na mjomba tulimshika huku na huku. Alikuwa mwepesi, nami nilikuwa nimekaa naye nyumba moja muda wote huo bila kulijua hilo.

Ijumaa, 17 Mei
Dereva ameachiwa. Mama hajaamka kitandani tangu juzi. Anakunywa maji.

Jumanne, 21 Mei
Amekunywa uji. Ameniambia, "Unisamehe kwa ile hesabu." Nikamwambia hakuna la kusamehe. Si kweli, lipo, na nimelisamehe, lakini namna ya kulisema sikuipata.

Jumatano, 29 Mei
Jua. Mvua imekwisha kama mtu aliyeondoka bila kuaga. Nilikuwa natunga mtihani wa mwisho wa muhula mezani kwa mama. Swali la kazi na nishati nimeweka mpira kwenye nyasi. Mama alikuja akakaa karibu yangu, akatazama karatasi kwa muda.

"Ile hesabu ya lori iko wapi? Nionyeshe."

Niliitoa. Nikamwonyesha mstari kwa mstari. Hii ni kasi. Hii ni kani ya barabara. Hizi ni mita. Alifuata kwa kidole.

"Na yeye yuko wapi?"

Sikuelewa. Akarudia. "Mwanangu. Humu ndani yuko wapi?"

Nilimtafuta, nikijua simwoni. "Hayumo, mama. Alilipunguzia lori mwendo kidogo sana. Kikiwa kidogo hivyo huwa tunakiacha."

"Kidogo."

"Ukilinganisha na lori, mama."

Aliacha kidole chake pale kwenye jibu. Nje kengele ya baiskeli ilipita na hakuinua kichwa. Kisha akanisogezea penseli.

"Mrudishe."

Nikamrudisha. Niliandika kilo zake, ambazo mama alizitaja bila kufikiri, na za baiskeli, na za mikate. Niliandika kilo za lori na mchanga wake. Nikakadiria mahali lilipomgonga, kama nusu ya ile michirizi. Safari hii tungamo halikujifuta, nikalibeba kila mstari mpaka chini. Ilinichukua muda kwa sababu sikuwa naona vizuri. Jibu lilipanda kidogo.

"Imeongezeka kiasi gani?" akauliza.

"Kama robo kilomita kwa saa, mama."

"Iandike."

Nikaiandika.

Ijumaa, 31 Mei
Shule imefungwa. Jioni amekuja jirani aliyekuwa safarini msimu wote, akatoa pole, akakaa, kisha kama wote akauliza lori lilikuwa linakwenda mwendo gani. Nilitaka kubadilisha mazungumzo. Mama alimjibu kabla yangu.

"Hamsini na saba na robo," alisema. "Hiyo robo ni mwanangu."